Bibi Yako Hayumo Kwenye Mchezo

Feza mwanangu,

Saa tisa hizi za mchana nimebaki peke yangu nyumbani. Wewe na Mama yako mmekwenda kuaga watu wa mtaa wa Kataki, nami nawajua watu wa Kataki: kila nyumba itataka mkae, mle, muombewe, na yule msiyemkuta kwake atawafuata njiani. Hamtarudi kabla ya jua kuzama. Nimeondoa sahani mezani, nimechukua daftari la zamani la reli lenye mistari mipana, na kalamu ya biki uliyoisahau juu ya redio. Boti yako ya Kigoma inaondoka kesho asubuhi.

Habari za chandarua sitaziandika, wala za kutopanda pikipiki na mtu usiyemjua, wala za kula vizuri. Hayo Mama yako ameyasema wiki tatu mfululizo, na kesho bandarini atayasema tena mbele ya watu wa forodha, tena kwa sauti. Hata habari za wanaume wa Dar es Salaam namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu mchezo wako wa kompyuta, na linahusu uongo niliokuambia ulipokuwa unautengeneza.

Lakini nianze na kosa dogo, kalamu ipate kuzoea.

Uliporudi na ile kompyuta kutoka kwa mjomba wako, nilisema mtoto wa kike anayekesha na mashini ataolewa na mashini. Ulikuwa ukingoja umeme wa mtambo wa Bendera urudi saa yoyote ile, ukirudi unaruka kitandani kama umeitwa. Siku moja nikaificha waya yake ya kuchajia ndani ya gunia la unga wa muhogo. Uliipata kwa nusu saa, ukalifunga gunia vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, na hukuniambia neno. Siku ile ndiyo nilijua una akili kunishinda, na badala ya kufurahi nikanuna. Nilikosea. Leo watu wa karakana ya michezo ya kompyuta huko Dar es Salaam wamekuita ukae nao miaka miwili, na wiki yako ya kwanza utasimama mbele yao uwaonyeshe kazi uliyoifanya hapa, kwenye meza hii hii ninayoandikia. Ninajivuna mpaka majirani wamechoka. Juzi nilimweleza mchoma mkaa habari zako kuanzia mwanzo, na yeye alikuwa amekuja kuuliza njia tu.

Haya, sasa mchezo.

Jumapili ile uliponikalisha mbele ya mashini ukasema, “Papa, weye njo wa kwanza, utacheza yote,” nilidhani nitaona magari na bunduki. Kumbe umeweka magonjwa. Umeweka magonjwa yaliyopita katika mji wetu huu wa Kalemie, moja baada ya jingine, na mchezaji anaingia ndani ya mtu wa wakati ule.

Sura ya kwanza, malale, zamani za Wabeleji. Mimi ni mama kijana kando ya ziwa. Lazima nipange mstari nipapaswe shingo, waone kama nina tezi zilizovimba. Nikikutwa nazo, napelekwa kambini, mbali na watoto wangu. Naweza kwenda, naweza kujificha kwenye matete. Nilijificha. Ukanirudisha mwanzo, nikajificha tena. Mara ya tatu ukacheka mpaka machozi: “Papa, weye kila mara unajificha tu!” Nami nilicheka, lakini si sana.

Sura ya pili, ile homa kubwa iliyosafiri na garimoshi. Hapo nikawa karani wa stesheni, wagonjwa wamelala ndani ya behewa, na kengele iko mkononi mwangu. Nikiipiga, treni inakwenda Kongolo na homa yake. Niliipiga. Ukaniangalia. “Papa! Njo umeua Kongolo yote.” Nikajibu kwamba mtu wa reli hawezi kuzuia treni bila karatasi ya mkubwa wake. Nilisema hivyo mimi, mzaliwa wa Kongolo, mwenye shangazi wanne kule.

Sura ya tatu, kipindupindu, sikuhitaji kuelezwa. Nilisikia kwanza sauti, ile ya bidoni tupu za maji zinazogongana wamama wakishuka ziwani asubuhi, na nyuma yake mchi wa Mama yako akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikajiuliza uliinasa lini sauti ile, na yeye hakujua. Halafu nikamwona mtu. Amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, ana ndoo yenye mfuniko, ana bomba la sindano lisilo na sindano. Umempa hata goti langu bovu. Wamama wanapita na bidoni za njano, na mimi nabonyeza kitufe, na dawa inaingia. Nikichelewa, bidoni inapita bila dawa, na baadaye kwenye ramani ya mtaa nyumba moja inazima taa. Mwishoni mtu yule anakimbia kilimani na mtoto begani.

Nilipiga zote, Feza. Vidole vyangu vizito hivi havikukosa hata bidoni moja. Mashini ikaandika, “Mtaa wako umepona.” Ulipiga makofi, ukamwita Mama yako aje aone. Nami nikasema naenda kutazama kuku, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo kwa muda mrefu. Uliponifuata nilikuambia macho yamechoka na mwanga wa mashini.

Unajua jinsi nilivyoingia kazi ya klori, ile dawa ya maji. Reli ilikuwa imelala, mimi fundi wa njia sina njia ya kutengeneza, na kipindupindu kilikuwa kimerudi mjini. Zoni ya afya ilitafuta watu wa kusimama ufukoni pale ambapo wamama wanachota maji ya ziwa. Kazi yenyewe ni ndogo: mama anachota, anapita mbele yako, unamtilia kipimo chake, unamwambia angoje nusu saa kabla ya kunywa. Kazi kubwa ni mdomo. “Papa Feza, ile dawa yako inanuka! Chai yangu yote inanuka opitali!” Nami nawajibu, “Mama, afazali chai inuke opitali kuliko weye ulale opitali.” Walicheka, wakafungua vifuniko. Nilikuwa hodari wa kazi ile. Wenye hasira niliwatilia, wenye haraka niliwatilia, mke wa mkubwa wangu aliyesema maji yake ni ya kufulia tu nilimtilia pia. Haya yote nilikuambia uliponihoji na kalamu yako sikioni, na yote ni kweli.

Ila kuna bidoni moja nilikuwa naiacha ipite kila siku, na hiyo sikukuambia. Ilikuwa ya Bibi yako, Mama Mwange, mama ya Mama yako.

Humkumbuki vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka. Alikaa karibu kabisa na ufuo wangu, na wewe ulikuwa unashinda kwake mchana, kwa sababu Mama yako alikuwa sokoni na samaki wake. Ulikuwa na miaka minne.

Wewe umekulia mjini, na bukwe unaisikia tu kwenye harusi, kwa hiyo nikueleze. Mimi ni Muluba wa upande wa Kongolo, Bibi yako alikuwa Mutabwa, na katika jambo hili wazee wetu walikubaliana bila kukutana. Mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Hampi kitu mkono kwa mkono. Mkikutana njiani, unatoka pembeni, unachuchumaa, unampa mgongo mpaka apite. Usidhani ilikuwa chuki. Nilimpenda yule mama, na naamini alinipenda. Salamu zetu zilipitia kwako. Ulikuwa unafika jioni na kuniambia, “Papa, Bibi anasema suruali yako imepasuka nyuma,” na hapo ndipo nilijua kwamba yeye alikuwa ananitazama.

Na bukwe ina namna yake ya kufunguliwa. Mkwe akishazoeleka, analeta kuku na kitambaa, wazee wanaketi, mnakula pamoja, na kuanzia siku ile mnaweza kutazamana na kusemezana. Wenzangu wengi walifanya hivyo baada ya mtoto wa kwanza. Mimi jogoo nilikuwa naye, mwekundu, mnene, nimemfuga kwa kazi hiyo tu. Nikawa naahirisha. Baada ya mvua. Baada ya Pasaka. Kila mtu alidhani sina nafasi. Sababu ya kweli ni kwamba nilipenda sifa. Wamama pale ufukoni walikuwa wakisema, “Muangalie mukwe ya Mama Mwange! Ule mwanaume iko na heshima kabisa.” Nilizisikia sifa hizo nikiwa nimechuchumaa, na kichwa kilinivimba. Nilijua nikimpeleka jogoo, nitakuwa mkwe kama wakwe wengine.

Sasa tazama mambo yalivyokuwa. Bibi yako anapanda kutoka ziwani, bidoni kichwani, kitenge kimefunika nusu ya uso. Mimi naweka bomba chini, natoka njiani, nachuchumaa, natazama maji. Anapita. Nasimama, napangusa magoti, naendelea kuokoa mtaa.

Mwanzoni haikuwa hatari, kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Mama Sikuzani, mjane mmoja mwenye ulimi mkali na mikono myepesi. Aliona siku ya kwanza tu. Akaniambia, “Papa Feza, bidoni ya bukwe yako inapita bila dawa. Acha miye njo nimutilie.” Akawa anamtilia yeye, kila asubuhi, mimi nimegeuka. Nikamshukuru. Kisha wakamhamisha, akapelekwa kwenye mdomo wa mto Lukuga ambako watu walikuwa wengi. Siku anaondoka aliniuliza, “Na mama mukwe? Nani atamutilia?” Nikamwambia nitapanga.

Sikupanga. Kulikuwa na njia nyingi, nami nimezihesabu zote miaka hii. Ningeweza kumwomba mama yeyote kwenye mstari ashike bomba. Ningeweza kuweka bomba juu ya jiwe, ajitilie mwenyewe. Ningeweza kumtuma Mama yako na chupa ya dawa. Ningeweza kwenda bironi, kwenye ofisi ya zoni, na kumwambia mkubwa wangu, nina mama mkwe kwenye ufuo wangu, nihamisheni. Au jogoo, Feza. Ningeweza kumkamata tu jogoo. Nilijiambia Bibi yako anapenda chai, na chai ni maji yaliyochemka. Lakini nilimjua. Alikuwa akisema maji ya ziwa ni matamu yakiwa baridi, na alikuwa anakupa wewe kikombe kabla ya kuweka birika motoni.

Asubuhi moja hakuja kuchota. Niliona. Nakuandikia aibu yangu yote: nilifurahi kidogo kwamba siku ile sitachuchumaa kwenye tope. Karibu na saa sita akaja jirani yake mbio, akasimama mbali, akapiga kelele kwamba mtoto wangu anatapika.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka, palepale kizingitini. Macho yako yalikuwa yameingia ndani, na nilipobana ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Nikakuinua. Hukuwa na uzito. Kutoka chumbani, gizani, nikasikia sauti.

“Ni nani?”

“Ni miye, mama.”

Ilikuwa mara ya kwanza tunasemezana bila wewe kupeleka maneno. Nikasikia kitanda kikilia, nadhani alikuwa anakusanya nguvu. Halafu akasema, “Mukwe, beba mutoto, kimbia. Usiingie. Niko muchafu.”

Umesoma vitabu vya magonjwa na unajua kipindupindu kinamfanya nini mtu mzima kwa saa chache. Hakutaka mkwe wake amwone hivyo. Nilimwelewa kabisa. Kutoka kizingitini mpaka kwake zilikuwa hatua tatu au nne. Ndani ya mfuko wa kizibao changu nilikuwa na pakiti mbili za unga wa chumvi na sukari, tulizopewa kwa kazi hiyo hiyo, na maji yenye dawa yalikuwa kwenye chupa kiunoni. Ningeweza kukuweka chini kwa muda wa kukoroga kikombe kimoja. Ningeweza kumvuta mpaka nje, mtu amwone, mtu ambebe. Nilisema, “Ndiyo, mama,” kwa adabu kabisa, nikageuka, nikakimbia na wewe.

Kituoni niliwaambia watu wa machela kuna mwingine nyumbani, wakaenda. Mama yako naye alikimbia kutoka sokoni na harufu ya samaki mikononi. Walipofika, Bibi yako alikuwa ameshafariki. Alifariki peke yake, kwenye chumba ambacho mimi nilikuwa mlangoni kwake.

Wewe ulitundikiwa chupa ya serumu, na kesho yake uliomba uji, ukaulalamikia kwamba hauna sukari. Zile mbio zangu unazozisifu ni za kweli. Nilikubeba kweli, na goti hili nililiharibu kwenye mlima ule. Uongo uliingia baadaye kidogo, Mama yako aliponiuliza nilimkuta mama yake katika hali gani. Nikasema nilimkuta ameshakata roho. Akalia, akanishika mkono, akasema afadhali, hakuteseka muda mrefu. Jogoo mwekundu alichinjwa kwenye kilio. Nilikaa na wanaume wengine, nikala.

Basi ulipokuja miaka kumi na minane baadaye na maswali yako, ukitaka kujua Papa alifanya nini wakati wa kolera, jibu lilikuwa tayari, limelainika kwa kutumiwa. Nikakupa shujaa. Wewe ukamchora vizuri, ukampa goti na sauti ya mchi, ukamwacha Bibi yako nje ya mchezo kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio hakikuniumbua, nilikipita salama salimini. Nimeumbuliwa na mtoto wangu akinipigia makofi.

Jumatatu iliyofuata nilimwambia Mama yako. Nilimwambia yote, mpaka jogoo. Hakupiga kelele. Siku nne alinipikia bila kusema neno, na chumvi ilikuwa sawasawa, jambo lililonitisha zaidi. Uliuliza kwa nini nyumba imenyamaza, tukakudanganya kwamba ni majonzi ya safari yako. Ijumaa, akiwa anachambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, “Ungeniambia ile wakati, ningekasirika mwaka moja, tungemaliza. Sasa unanipa kazi ya kuanza leo, na miye nimezeeka.” Nikataka kusema kitu. Akainua macho, akanizuia na kisu. “Feza pia utamuambia. Mbele hajaenda Dar.”

Hajanisamehe bado. Ananiambia hivyo mwenyewe, asubuhi, tunapokunywa chai. Lakini jana alinitania kuhusu goti langu, na mimi baada ya miaka yote hii ya ndoa najua kusoma hali ya hewa ya mwanamke yule. Tutafika. Nimejifunza kwamba hasira ya mtu anayekupenda inabebeka, hata ikiwa nzito. Mimi nilikuwa naiogopa hasira hiyo kuliko nilivyoogopa kipindupindu chenyewe, nikapoteza miaka ambayo tungekuwa tumeshaimaliza.

Sasa kuhusu kazi yako. Huko Dar utakutana na watu wanaojua mashini kuliko mimi, lakini ufuo ule naujua mimi, kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza fundi.

Usinifanye mtu mbaya. Ukinifanya mbaya, kila mchezaji atasema mimi si kama yule, atabonyeza, atashinda, ataenda kulala. Nifanye mtu mwenye adabu, kama nilivyokuwa. Nimefikiri sana juu ya sura zako tatu. Yule mama anayejificha kwenye matete anawapenda watoto wake. Yule karani anatii kazi yake. Na mimi nilikuwa mkwe mwema kuliko wote mtaani. Ugonjwa ulitukuta kwenye mambo ambayo watu walikuwa wanatusifia. Sijui kama ulilipanga hivyo au limekuja lenyewe, lakini hilo ndilo fundo la mchezo wako, na umelipata ukiwa na miaka ishirini na miwili. Mimi lilinichukua mpaka uzee, tena kwa kusukumwa na wewe.

Muweke Bibi yako kwenye mstari. Mfupi, mwendo wa haraka, kitenge usoni. Na anapofika yeye, kitufe kisifanye kazi. Mchezaji abonyeze, abonyeze tena, na mkono wa mtu wa klori usiende. Aweke bomba chini, ageuke, achuchumae. Watu wa Dar watadhani mashini imeharibika. Waache wadhani. Wamama wengine kwenye mstari wamsifu, na maneno yao nimekuandikia hapo juu, yaweke kama walivyoyasema. Mweke na Mama Sikuzani, kisha mwondoe. Na jogoo atembee tembee nyuma, kila siku mnene zaidi, kwa wale wenye macho.

Halafu pale mlangoni, mtoto yuko begani na sauti inatoka gizani, kitufe kifanye kazi. Hapo usimsaidie mchezaji na usimfunge. Ufuoni naweza kusema mila ilinishika mkono. Mlangoni hakukuwa na mtu wa kunishika. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na dawa, nilikuwa na muda wa kikombe kimoja. Akitaka kuingia, aingie, amkute Bibi yako, akoroge maji. Sijui utaandika nini baada ya hapo. Sijawahi kufika huko.

Wakikuuliza kama ni hadithi ya kweli, sema ni ya kweli, na mtu yule ni Papa yangu, yuko Kalemie, yuko hai. Jina langu uliweke. Usinifiche kwa ajili ya heshima yangu, heshima hiyo nimeivaa ya kutosha.

Kuhusu wewe sina wasiwasi. Nilikuona ulivyowapanga wenzako wawili mliotengeneza nao mchezo, wakafanya kazi kwa mishumaa. Nilikuona ulivyofuta mwezi mzima wa kazi kwa sababu sauti za wamama hazikuwa za huku kwetu, ukaanza upya. Mtu anayeweza kufuta hivyo hatapotea Dar es Salaam wala kwingine. Utakosea, bila shaka, maana una damu yangu. Ukikosea, mwambie mtu wiki ile ile, hata kama ni mtu asiyehusika, hata kama ni mama anayekuuzia maandazi. Mimi nilichelewa, na kuchelewa ndiko kulikonigharimu zaidi ya kosa lenyewe.

Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke ndani ya sanduku lako, chini ya vitenge, uipate ukiwa ziwani. Mama yako alipolisikia wazo langu aliniangalia kama alivyoniangalia Ijumaa. “Mutoto asome hii peke yake, katikati ya mayi? Na weye uko wapi?”

Ana haki. Kwa hiyo kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya bandari, nitakupa mkononi. Utaisoma hapa mezani, na mimi nitakaa upande wa pili, mbele yako, mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunitukana, una ruhusa. Ukitaka kupanda boti bila kunipa mkono, nitakubebea sanduku mpaka majini na sitalalamika. Lakini ukiinua macho kutoka kwenye karatasi hii, Feza, utanikuta nakutazama usoni.

Papa yako